Jinsi ya kupata maana ya asili ya neno katika mstari wa Biblia: mwongozo kamili

Wanaosoma Biblia ya Kiswahili na kutaka kujua neno la Kiebrania au la Kigiriki lililo nyuma ya mstari hukwama mahali palepale pawili. Kwanza, huandika neno la Kiswahili kwenye simu, tuseme "upendo", wakaletewa orodha ndefu isiyogusa mstari wao. Pili, wakishafanikiwa kufungua kamusi, huchukua ile maana iliyowapendeza kati ya tano au sita, wakaipeleka madhabahuni Jumapili. Kosa la kwanza hupoteza muda tu. La pili hupotosha watu waliokuja kusikia Neno, na ndilo lililofanya mwongozo huu uandikwe.

Shika jambo moja kabla ya kuanza: kamusi hukuonyesha mipaka ya neno, lakini mstari ndio unaochagua maana. Hatua zote zilizo hapa chini zipo ili kuupa mstari nafasi ya kuchagua.

Tutatembea na mstari mmoja, Yohana 3:3: "Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu." Hutajwa kwenye makesha na mikutano ya injili kuanzia Nakuru hadi Busia, na Kiswahili chake kina kitu kilichojificha.

## Vitu vya kuwa navyo

Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wanayo nyumbani. Hii ndiyo tafsiri yako ya kuanzia.

Tafsiri ya pili ya Kiswahili, kama Habari Njema au Neno. Ukiwa na Biblia ya lugha ya mama, iwe Kidholuo, Kilogooli, Kikalenjin au Kikuyu, iweke mezani pia. Itakufaa kuliko unavyodhani.

Biblia ya Kiingereza ya King James yenye namba za Strong. James Strong alitoa itifaki yake (orodha ya kila neno la Biblia na mistari linamotokea) mwaka 1890, akalipa kila neno la asili namba: Kiebrania ni H1 hadi H8674, Kigiriki ni G1 hadi G5624. Biblia za Kiswahili zilizochapishwa hazina namba hizi, kwa hiyo hapa hatuna budi kupitia Kiingereza.

Programu ya simu au kompyuta. Kwa simu ya Android, MySword ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ukishapakua Biblia na kamusi zake. Kwa kompyuta ya Windows kuna e-Sword, nayo ni ya bure. Blue Letter Bible na STEP Bible hufunguka kwenye kivinjari. Bando likiwa shida, pakua kila kitu siku moja mahali penye Wi-Fi. Asiyetaka simu atumie itifaki ya Strong iliyochapishwa. Jaribu kuiulizia katika maktaba ya chuo chenye masomo ya theolojia kilicho karibu nawe.

Daftari na kalamu, pamoja na saa moja na nusu isiyo na usumbufu. Ukifanya kazi hii ukiwa ndani ya matatu kutoka Kisumu kwenda Kakamega utaruka hatua ya 5, ambayo ndiyo moyo wa kazi yote.

## Hatua ya 1: Soma sura nzima, kisha andika swali

Soma Yohana 3:1–21 mara mbili kwa Kiswahili. Halafu andika swali lako kwa sentensi moja: "Katika Yohana 3:3, maneno 'mara ya pili' yanatafsiri neno gani, na lina maana gani hapa?"

Kwa nini uandike? Kwa sababu asiyeandika swali huishia kutafuta "maana ya kuzaliwa" katika Biblia nzima. Neno moja la Kiswahili huweza kusimama badala ya maneno matatu ya asili, na neno moja la asili huweza kutafsiriwa kwa maneno matano ya Kiswahili. Kinachokupa mahali pamoja pa kusimama ni mstari.

Utajua umefaulu ukiwa na kitabu, sura, mstari na neno moja. Ukiwa na maneno mawili, fanya kazi mara mbili, siku mbili.

## Hatua ya 2: Vuka hadi kwenye namba

Fungua mstari uleule katika King James yenye namba. Tafuta neno la Kiingereza linaloshika nafasi ya "mara ya pili", uliguse. Litakuletea G509, nalo ni *anothen*. Andika namba pamoja na herufi yake.

Ile herufi ina kazi kubwa. G26 ni *agape*, upendo. H26 ni Abigaili, mke wa Nabali. Ukiandika 26 peke yake leo, kesho hutajua ulikuwa wapi.

Sasa shuka hadi mstari wa 4, pale Nikodemo anapouliza kama mtu aweza kuingia tumboni mwa mamaye "mara ya pili" akazaliwa. Kiswahili kimerudia maneno yaleyale. Gusa neno: linakuja G1208, *deuteron*, ambalo ndilo hasa "mara ya pili" ya kuhesabu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kumbe Yesu alitumia neno moja na Nikodemo akajibu kwa neno lingine, na msomaji wa Kiswahili hana namna ya kuliona hilo bila kuvuka.

Mambo yanayokwamisha watu hapa:

- Neno halina namba. Ikiwa limeandikwa kwa herufi za mlazo, halimo katika maandiko ya asili. Wafasiri wa Kiingereza waliliongeza ili sentensi isomeke.
- Kiingereza kina maneno ambayo Kiswahili hakina. Warumi 8:1 katika King James ni ndefu kuliko katika Union Version, kwa kuwa tafsiri hizi hazikufuata nakala zilezile za Kigiriki. Usihangaike kutafuta kipande kile katika Kiswahili cha mstari huo. Maneno ya namna hiyo yako katika mstari wa 4.
- Mstari hauko mahali pake katika Kiebrania. Zaburi nyingi huhesabu kichwa cha zaburi kama mstari. Zaburi 51:1 yetu ni 51:3 katika Kiebrania. Yoeli 2:28–32 ni sura ya 3 huko, na Malaki sura ya 4 ni 3:19–24.
- Unaona visanduku vitupu mahali pa herufi. Simu haina fonti ya Kiebrania. Endelea kwa namba, itakutosha.
- Namba yenyewe haimo. G2717, na G3203 hadi G3302, hazikupewa neno lolote. Programu yako haijaharibika.

## Hatua ya 3: Isome kamusi kama ilivyokusudiwa

Fungua G509. Maelezo ya Strong ni mafupi na yana sehemu tatu. Ya kwanza husema neno limetoka wapi: hapa limetoka G507, *ano*, "juu". Ya pili hutoa maana: kutoka juu, kwa mfano wa hiyo, tangu mwanzo, na pengine, upya.

Ya tatu huja baada ya nukta mbili na kistari (:—), na hapa ndipo wengi huanguka. Orodha ile haielezi maana. Ni orodha ya maneno ambayo wafasiri wa King James waliyatumia, mahali mbalimbali, kulitafsiri neno hili. Alama ya × ndani yake huonyesha msemo wa lugha ile, na + huonyesha kwamba neno limetafsiriwa likiwa limeungana na jingine.

Basi usiitwae orodha ya tatu yote ukaimwaga ndani ya mstari mmoja. Fikiria neno letu "panda". Mkulima wa Kitale anapanda mahindi, abiria wa Nakuru anapanda matatu, na mtoto anapanda mti. Anayesema "nimepanda matatu" hajalifukia shambani. Kila sentensi imechukua maana moja na kuziacha nyingine, na Kigiriki hufanya vivyo hivyo.

Wala usiijenge hoja juu ya asili ya neno. "Matatu" limetokana na "tatu", lakini anayepanda matatu Kondele hahesabu hadi tatu. Mfano wa madhabahuni ni *dunamis* (G1411), "uweza" wa Warumi 1:16. Husemwa kwamba ndilo lililozaa neno dainamaiti, kwa hiyo injili ni baruti inayolipuka. Ni kweli kwamba baruti hiyo ilipewa jina kutokana na neno la Kigiriki, lakini Alfred Nobel aliivumbua mwaka 1867. Paulo hangeweza kuifikiria. Mstari wenyewe unasema ni uweza "uuletao wokovu", ilhali baruti hubomoa.

Ukifika hapa uwe na maana mbili hadi nne zinazowezekana, bila kuchagua hata moja. Kwa *anothen*: kutoka juu, tangu mwanzo, upya.

## Hatua ya 4: Kama ni kitenzi, angalia kauli yake

*Anothen* ni kielezi, haibadiliki, kwa hiyo hatua hii tunaipita kwa mstari wetu. Ila kwa vitenzi vya Kiebrania usiiruke kamwe.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Anajua kwamba funga, fungwa, fungia na fungua ni shina moja lenye kazi tofauti. Kiebrania kina mpango unaokaribia huo. Namba ya Strong hukupa shina tu, na kauli hupotea. H3925, *lamad*, katika kauli ya kawaida, inayoitwa Qal, ni kujifunza: Kumbukumbu la Torati 5:1, "mpate kujifunza". Katika kauli iitwayo Piel ni kufundisha: Kumbukumbu 4:1, "niwafundishazo". Namba ni moja, na mwalimu na mwanafunzi wote wamo ndani yake.

Katika Blue Letter Bible na STEP Bible, ukigusa neno utaona maelezo ya umbo karibu na namba. Andika jina la kauli daftarini. Kisha, unapokusanya mistari katika hatua inayofuata, uilinganishe na ile yenye kauli hiyohiyo.

Kumbuka pia kwamba si Agano la Kale lote lililo katika Kiebrania. Danieli 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, Ezra 4:8–6:18 na 7:12–26, pamoja na Yeremia 10:11, ni Kiaramu. Strong amezichanganya namba zake na za Kiebrania, zote kwa herufi H.

## Hatua ya 5: Kusanya kila mahali neno linapotokea

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotofautisha utafiti na kubahatisha. Agiza programu itafute G509 katika Agano Jipya lote. Utapata mahali 13. Fungua kila mmoja *kwa Kiswahili*, na uandike Kiswahili kimelitafsirije. Daftari lako litafanana na hili:

- Mathayo 27:51 na Marko 15:38: pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini.
- Luka 1:3 na Matendo 26:5: tangu mwanzo.
- Yohana 3:31: yeye ajaye kutoka juu.
- Yohana 19:11: Yesu anamwambia Pilato asingekuwa na mamlaka kama asingepewa kutoka juu.
- Yohana 19:23: kanzu isiyoshonwa, iliyofumwa yote toka juu.
- Wagalatia 4:9: tena, likiandamana na *palin*, neno la kawaida la "tena".
- Yakobo 1:17, 3:15 na 3:17: kipaji kilicho kamili na hekima, vitokavyo juu.
- Yohana 3:3 na 3:7: mistari tunayoichunguza.

Neno likitokea mara 300, kama yalivyo maneno mengi ya kawaida, usijiue. Chukua kitabu kilekile kwanza, kisha vitabu vya mwandishi yuleyule, kisha mistari 20 hivi ya wengine. Mpangilio huo una sababu: mtu hulitumia neno kwa mazoea yake, na Yohana ni shahidi mzuri wa Yohana kuliko Luka.

Neno likitokea mara moja au mbili tu katika Biblia nzima, uwe mwangalifu maradufu. Ushahidi ni mchache, na ukali wa sauti ya mhubiri hauuongezi.

## Hatua ya 6: Acha mstari uchague

Gawa uliyoyakusanya katika mafungu. Hapa: "kutoka juu" mara nane, "tangu mwanzo" mara mbili, "tena" mara moja, na mbili tunazochunguza. Sasa uliza maswali matatu, kwa mpangilio huu.

*Mwandishi huyu hulitumiaje?* Nje ya mazungumzo na Nikodemo, Yohana ametumia *anothen* mara tatu, na zote tatu ni "kutoka juu". Moja iko sura hiyohiyo ya 3.

*Maneno ya jirani yanasemaje?* Mistari ya 5 na 6 inataja kuzaliwa kwa Roho. Mstari wa 13 unamtaja aliyeshuka kutoka mbinguni. Habari ya juu na chini imejaa katika mazungumzo haya.

*Msikilizaji wa kwanza alielewaje?* Nikodemo alielewa "upya", ndiyo maana akajibu kwa *deuteron* na kuuliza habari za tumbo la mama. Yesu hakumjibu kwa kuhesabu mara ya kwanza na ya pili. Alimpeleka kwa Roho.

Hitimisho lenye haki kwa ushahidi huu: neno lina milango miwili, "upya" na "kutoka juu". Nikodemo aliingia kwa mmoja, na Yesu akamwonyesha wa pili. Kuzaliwa kwenyewe ni kwa pili, na chanzo chake ni juu.

Ona tulichokipata. "Mara ya pili" ya Union Version haijawa kosa. Imebeba nusu, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja lenye milango yote miwili. Wafasiri walilijua neno hili kabla yetu, nao walilazimika kuchagua. Kwa hiyo hitimisho lako likianza kwa "Biblia zetu zimetuficha", rudi hatua ya 5.

## Hatua ya 7: Linganisha tafsiri

Fungua Habari Njema: "asipozaliwa upya". Fungua ya lugha ya mama. Tafsiri zikikubaliana, maana ina msingi imara. Zikitofautiana, umefika hasa mahali ambapo neno la asili ni pana.

Jirani mwake, mstari wa 8, una neno jingine la namna hii: "Upepo huvuma upendako… kadhalika na hali yake kila mtu aliyezaliwa kwa Roho." Upepo na Roho hapo ni neno moja, *pneuma* (G4151). Kiswahili kimeyatenga, na Kidholuo vilevile, *yamo* upande mmoja na *Roho* upande mwingine. Anayesikia kwa Kigiriki husikia mwangwi ambao sisi hatuusikii.

Lakini kuna mahali Kiswahili huona kuliko Kiingereza cha leo, na hili halisemwi vya kutosha. Kigiriki na Kiebrania hutofautisha "wewe" na "ninyi", nasi pia. Luka 22:31–32, Shetani amewataka *ninyi*, lakini nimekuombea *wewe*: wanafunzi wote wanapepetwa, na Petro anaombewa. 1 Wakorintho 3:16, "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu": ni kanisa zima kwa pamoja. Anayesoma Kiingereza cha sasa hupita hapo bila kujua. Kabla ya kukimbilia kamusi, hakikisha umekisoma vizuri Kiswahili ulicho nacho.

## Hatua ya 8: Andika sentensi mbili

Ya kwanza iseme neno linaweza kumaanisha nini. Ya pili iseme linamaanisha nini *hapa*, na ushahidi wake. Mfano: "*Anothen* huweza kuwa 'kutoka juu', 'tangu mwanzo' au 'upya'. Katika Yohana 3:3 linabeba 'upya' na 'kutoka juu' pamoja, kwa sababu Nikodemo alisikia la kwanza (m. 4), na Yohana mwenyewe hulitumia kwa la pili (3:31; 19:11; 19:23)."

Ukishindwa kuijaza ile "kwa sababu" kwa mistari, bado huna hitimisho. Una dokezo, na dokezo halihubiriwi.

## Mtego unaonasa wengi kuliko yote: *agape* na *fileo*

Umesikia hivi: *agape* ni upendo wa Mungu usio na masharti, *fileo* ni urafiki wa kibinadamu, Yesu alimwuliza Petro kwa *agape*, Petro akajibu kwa *fileo* (Yohana 21:15–17). Maneno hayo mawili kweli yamo. Yesu anatumia *agapao* (G25), kitenzi cha *agape*, mara mbili na *phileo* (G5368), ndiyo ile *fileo*, mara ya tatu, na Petro anajibu kwa *phileo* zote tatu.

Sasa tumia hatua ya 5. Yohana 3:35, "Baba ampenda Mwana", ni *agapao*. Yohana 5:20, Baba ampenda Mwana, ni *phileo*. Mwanafunzi aliyependwa na Yesu ni *agapao* katika 13:23, *phileo* katika 20:2. Watu waliopenda giza kuliko nuru, Yohana 3:19: *agapao*. Dema aliyemwacha Paulo akiupenda ulimwengu huu wa sasa, 2 Timotheo 4:10: *agapao*.

Kama neno lenyewe lingekuwa takatifu, Dema asingekuwa nalo. Utakatifu wa upendo wa Mungu hujulikana kwa kile Mungu alichofanya, na mistari inasema wazi. Katika Yohana 21 jihadhari kujenga fundisho zima juu ya badiliko la kitenzi, hasa kwa mwandishi anayebadilisha maneno mawili haya mara kwa mara.

## Zoezi la kwanza la kufanya peke yako

Chukua Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Neno ni H7965, *shalom*, ndugu wa "salama" yetu iliyokuja kwa njia ya Kiarabu. Hakikisha umepita hapa:

- Mwanzo 37:14, Yusufu anatumwa kuangalia *shalom* ya ndugu zake na ya wanyama.
- 2 Samweli 11:7, Daudi anauliza habari za vita, na katika Kiebrania anauliza *shalom* ya vita. Hapo "kutokuwepo kwa vita" hakuwezi kuwa maana.
- Yeremia 29:7, mistari minne tu juu, *shalom* mara tatu, na ni ya mji wa Babeli ambao mateka wanaambiwa wauombee.
- Yeremia 29:10, miaka sabini.

Angalia pia kiwakilishi: "ninayowawazia *ninyi*". Ukimaliza, sentensi yako ya pili lazima iwataje mateka, mji na miaka. Ikitaja kazi mpya au visa ya kwenda ng'ambo kabla ya kuwataja hao, anza tena hatua ya 1.